Daktari Asiwe Mtani

Kikao cha kuamua kama moyo wa Furaha upasuliwe au usipasuliwe kilianza saa nne asubuhi huko Kinole, na mpaka saa saba mchana wajumbe walikuwa bado wanabishana kama kikao chenyewe ni cha ukoo au cha kijiji. Kosa lilikuwa la Mzee Mwinshehe. Alikuwa mjomba wa mtoto, na papo hapo alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa, na tangu akabidhiwe muhuri hakuwa na hakika tena ni lini anasema kama mjomba na ni lini anasema kama serikali.

Kondo, baba yake Furaha, alikuwa ameketi karibu na mlango, mahali pa mkwe. Hakuna aliyemwuliza kitu. Huo ndio utaratibu wa Waluguru: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, msemaji wake ni mjomba, na baba ni mtu wa kushukuriwa kwa msaada wake. Kondo hakuwa na kinyongo na utaratibu huo, maana kwao Mkuyuni naye alikuwa mjomba wa watoto wa dada zake, na kule akikohoa watu hunyamaza. Hapa alikohoa mara mbili, na mama mkwe akamwuliza kama ana mafua.

Alikuwa amepanda mlima na barua ya daktari wa Morogoro. Furaha alikuwa na miaka minne na uzito wa mtoto wa miaka miwili. Akikimbia hatua kumi hukaa chini akihema, na kila masika vichomi vilimlaza hospitali. Barua ilieleza kwamba kuna mshipa karibu na moyo ambao hujifunga mtoto anapozaliwa, na wa Furaha haukujifunga. Apelekwe Dar es Salaam akapasuliwe, ufungwe. Usipofungwa, hatarajiwi kufikia umri wa kwenda shule. Sentensi hiyo Kondo alikuwa ameisoma mara nyingi mno, hadi karatasi ilianza kukatika pale ilipokunjwa.

"Mwenyekiti, nina swali," alisema Mzee Abasi, mdogo wake Mwinshehe. "Moyo ukishapasuliwa, roho itakaa wapi kwa muda huo?"

Nyumba nzima ilimgeukia Kondo, kwa kuwa yeye ndiye mtu wa mjini. Kondo alikuwa mpishi wa shule ya wasichana pale Kilakala, na ujuzi wake wa viungo vya ndani ulikuwa wa mbuzi tu.

"Wanasema hawaugusi moyo wenyewe," alijibu. "Ni mshipa wa pembeni."

"Wanasema," alirudia Mzee Abasi, akaketi kama mtu aliyeshinda kesi.

Saa kumi jioni katibu wa kijiji, Salehe, alisoma azimio. Ukoo umeridhia Furaha apasuliwe, ila kwa masharti. Moyo usitolewe nje ya mwili, hata kwa kuoshwa. Mjomba awepo, naye aridhie kwa muhuri. Na daktari asiwe mtani.

Hilo la mwisho lilipita bila kujadiliwa, maana halikuhitaji. Kila mtu alijua kazi ya mtani ni nini. Mtu akifa, mtani ndiye anayekuja kuchimba kaburi, ndiye anayewatukana wafiwa mpaka wacheke katikati ya machozi, ndiye anayejitwalia koti la marehemu na kulivaa hapo hapo. Ni mtu wa maana sana, lakini kwa zamu yake.

"Ukimwita mtani mapema," Mzee Mwinshehe alisema, akiupulizia muhuri wake pumzi, "atauliza maiti iko wapi. Na asipoipata ataitafuta."

*

Daktari wa Dar es Salaam alikuwa mtu mnene mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Aliitwa Tomasi Mihayo. Alimpima Furaha taratibu, akamchezesha kwa kifaa chake cha kusikilizia, akamwambia mama yake, Mwanaidi, kwamba mtoto ana macho ya kijanja. Kondo alimpenda mara moja. Kisha daktari akamwita ofisini, akafungua faili na kuanza kulijaza.

"Kabila?"

"Mluguru, daktari."

Kalamu ilisimama. Daktari aliinua uso pole pole.

"Wa mjini au wa milimani kabisa?"

"Wa milimani."

"Basi funga safari urudi, ndugu yangu. Mimi napasua watu wenye moyo. Mluguru nikimfungua nitakuta ndizi mbivu."

Kondo alianza kucheka, kwa sababu ilichekesha. Kicheko kilipofika katikati kikamkwama.

"Kwenu wapi, daktari?"

"Tabora! Kwani huoni sura ya mtu aliyestaarabika? Babu zangu walipita huko kwenu wamebeba pembe za ndovu, wakawakuta mmejificha juu ya miti."

Mnyamwezi. Mtani wa Mluguru tangu enzi za misafara. Kondo alisogeza kiti karibu na meza. Akauliza, kwa adabu zote alizokuwa nazo, kama hospitali haina daktari mwingine.

"Yuko mmoja, yuko Ulaya anasoma," alisema daktari. "Akirudi yeye, naondoka mimi. Mimi naondoka Alhamisi ijayo, kwa miaka miwili." Alifunga faili. Uso wake ulikuwa umebadilika, na utani ulikuwa umeondoka wote. "Mwanao nimempangia Jumatatu. Miaka miwili hana."

Hapo ndipo Kondo, mtu ambaye hakuwahi hata kuiba nyama jikoni, alipopata wazo la dhambi.

"Daktari, nakuomba uwe Mhaya."

"Niwe nini?"

"Mhaya. Mpaka Jumatatu tu. Shemeji yangu anakuja na muhuri." Akaeleza yote: kikao, azimio, mtani asiyeitwa mapema.

Daktari Mihayo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nimesoma miaka kumi na tisa," alisema, "na hakuna mtu aliyewahi kunidhalilisha namna hii."

Sista Agnes, muuguzi wa wodi, alikuwa amesimama mlangoni na chati. Yeye alikuwa Mhaya halisi, wa Bukoba, na alimtazama daktari kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mhaya?" alisema. "Na viatu hivyo?"

*

Mzee Mwinshehe alifika Jumapili asubuhi, amevaa kanzu na koti, akiwa na mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu na mkoba wa muhuri. Kuku alizuiwa getini. Mzee alimweleza mlinzi kwamba nchi hii ni ya wakulima na wafanyakazi na kwamba kuku ni zao la mkulima. Mlinzi akajibu kwamba yeye ni mfanyakazi na amri ni amri. Walikubaliana kuku abaki getini chini ya ulinzi.

"Shikamoo, kaka," alisema Mwanaidi.

"Marahaba. Mtoto yuko wapi? Mbona amenenepa? Wanampa nini?" Alimbeba Furaha, akamnusa kichwani kama anavyonuswa mtoto mchanga, na macho yake yakalowa. Kondo aliona aibu. Mtu huyu alimpenda mtoto, hilo halikuwa na ubishi, na yeye alikuwa amemtengenezea uongo wa kumpokelea.

Daktari aliingia akitembea wima. Sista Agnes alikuwa amemfundisha tangu asubuhi.

"Good morning," alisema daktari.

"Shikamoo, daktari," alisema Mzee Mwinshehe, japo alimzidi kwa miaka ishirini. Alikuwa akiamini kwamba elimu ina umri wake. "Shemeji ameniambia wewe ni mtu wa Bukoba."

"Of course," alisema daktari, na Sista Agnes akatazama dari.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda wa robo saa. Daktari alieleza habari za mshipa, kwamba ni kama mlango wa uani ambao mwenye nyumba alisahau kuufunga siku ya kwanza, kwa hiyo damu inapita hapo mara mbili mbili na kuuchosha moyo na mapafu. Yeye ataufunga kwa uzi. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Aliuliza uzi ni wa aina gani. Aliuliza kama unapatikana duka la ushirika. Akatoa karatasi ya azimio, akatoa muhuri, akafungua kikopo cha wino.

Kisha, ndipo watu wajue kwamba njia ya mwongo ni fupi, mzee akapiga soga.

"Sisi Waluguru ni wapole, daktari. Hatuna makuu. Tatizo letu ni watani. Juzi amepita Mnyamwezi mmoja kijijini, anatafuta ndizi za kununua. Ukimwona! Suruali imeshonwa kwa kamba. Tulipomwona anazunguka zunguka tulimfungia na mbuzi, mpaka akajikomboa kwa shilingi tano. Alilia huyo!"

Kondo alimwona daktari akiuma mdomo. Shingo ilimvimba. Kalamu moja ilianguka. Jamani, mtu anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia foleni ya sukari, lakini Mnyamwezi hawezi kusikia Mluguru akisema hayo na kunyamaza.

"Alilia?" Daktari alifoka. "Alikuwa anacheka! Mlimfungia na mbuzi kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kuwatofautisha ninyi na mbuzi!"

Mgonjwa wa kitanda cha tatu aliacha kukohoa. Mzee Mwinshehe alifunika kikopo cha wino, akakikaza, akakirudisha kwenye mkoba.

"Kondo," alisema, bila kumtazama. "Mtoto haguswi. Kesho asubuhi tunarudi kwetu."

Akatoka. Getini alisikika akidai kuku wake.

*

Jioni ile Kondo na Mwanaidi walikaa kwenye ngazi za wodi. Furaha alikuwa amelala ndani, akihema haraka haraka kama alivyozoea. Kondo alisubiri mkewe amtukane. Alikuwa amejiandaa, mtu aliyepikia wasichana mia tatu maharage tangu Jumanne mpaka Jumatatu amezoea lawama. Lakini Mwanaidi alikuwa akivuta nyuzi za pindo la khanga yake, moja moja.

"Nilijua tangu siku ya kwanza ni Mnyamwezi," alisema. "Aliniuliza kama milimani tumeshaanza kuvaa nguo."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Nilifurahi. Tangu tufike mji huu hakuna mtu aliyekuwa ameongea na mimi kama ndugu." Akavuta uzi mwingine. "Mume wangu, kaka yangu siwezi kumpinga. Ukoo umeshasema na mimi ni wa ukoo ule. Nikivunja neno lake sitakuwa na pa kuzikwa."

"Najua."

"Lakini wewe si wa ukoo ule."

Kondo hakuelewa.

"Wewe ni mkwe," Mwanaidi aliendelea, akimsogelea. "Unakaa mlangoni. Azimio lile hukuulizwa, hukunyoosha mkono. Wewe watakufukuza wapi?"

Katika miaka sita ya ndoa Kondo alikuwa amekaa mlangoni pale mara nyingi, na hakuwahi kufikiri kwamba mlango una faida yake. Alitaka kucheka. Badala yake alilia, na mkewe akampa pindo la khanga.

*

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Sista Agnes alileta fomu ya ridhaa.

"Mzazi wa kiume asaini hapa."

"Mimi ni baba tu, sista," Kondo alisema, kwa mazoea.

"Na mimi nahitaji baba tu. Fomu haiulizi zaidi ya hapo."

Kondo alishika kalamu. Mkono uliokuwa ukigeuza ugali wa wasichana mia tatu kwa mwiko kama kasia ulishindwa kuinua kalamu ya hospitali. Aliogopa. Akimpoteza mtoto, hatakuwa amempoteza Furaha peke yake. Atakuwa amempoteza mtoto wa watu. Lakini maji akishayavulia nguo hana budi kuyaoga. Aliandika jina lake lote, la baba yake na la babu yake, mpaka herufi zikavuka mstari zikaingia mahali palipoandikwa kwa matumizi ya ofisi.

Daktari Mihayo alipita na nguo za kijani. Hakusema neno. Alimpapasa Furaha kichwani, akaangalia saa, akaondoka na macho yake yakitazama sakafu.

"Daktari!" Kondo alimfuata korido nzima. "Mbona leo hunitanii?"

"Leo nina kazi, ndugu yangu," alisema daktari kwa upole. Upole ule ulimtisha Kondo kuliko kisu.

*

Mzee Mwinshehe alifika saa mbili, tayari kwa safari, akakuta kitanda kitupu. Aliambiwa mtoto yuko chumba cha upasuaji na kwamba baba yake ametia sahihi.

"Nani?"

"Baba yake."

Mzee alilitafakari neno hilo. Akaenda kwenye benchi la korido, ambako Kondo na Mwanaidi walikuwa wamekaa, akaketi mwisho kabisa, na kuku kwapani, maana safari hii mlinzi alimwona uso akaogopa kumwuliza. Hawakusalimiana. Saa tatu alisogea kidogo. Saa nne alikuwa katikati ya benchi. Saa nne u nusu bega lake liligusa bega la Kondo, na wote wawili wakajifanya hawajui.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimezika watu wengi, nawajua watani. Mtani akitoka mle amenyamaza, kuna matumaini. Akitoka anatukana, jua kazi yake imeanza. Ujikaze, dada yangu, yaani mkeo, asianguke."

"Ndiyo, shemeji."

Kuanzia hapo Kondo aliutazama mlango ule akiomba ukimya. Aliomba kwa dua zote alizozijua, na zilipokwisha akaomba kwa maneno yake mwenyewe. Mwanaidi alikuwa akisema jina la mtoto tu, mara kwa mara, kama anamwita aje kula.

Mlango ulifunguka saa tano kasoro. Daktari Mihayo alisimama pale, barakoa shingoni, jasho mpaka kwenye nyusi, akatanua mikono na kupaza sauti:

"Waluguru wezi wakubwa! Nimefungua nimekuta moyo kweli! Nani mmemwibia?"

Mwanaidi alipiga yowe. Mzee Mwinshehe alishika kichwa kwa mikono miwili na kuku akaangukia sakafuni, akaanza kukimbia akipiga kelele kuliko wote. Kondo hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, miguu imenyooka, akasema "Nimemwua," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja saa.

"Nini nyie? Mna nini?" Daktari aliduwaa. "Sista, wana nini hawa?"

"Koti hatukuja nalo," Mzee Mwinshehe alikuwa akisema huku akilia. "Mtoto hana koti, mtani, ana gauni tu, chukua gauni."

Ndipo daktari alipoelewa. Uso wake ulijikunja. Alipiga magoti pale sakafuni mbele ya Kondo, nguo zake za kijani zikaingia kwenye mavi ya kuku, akamshika mabega yote mawili.

"Yu hai," alisema. "Nisikilizeni. Yu hai, mzima. Mshipa nimeufunga. Anahema kama watu wengine. Yu hai, wazee."

Kondo alimtazama bila kuamini. Neno la mtu mpole lilikuwa halimtoshi tena.

"Tukana, daktari," alisema. "Nitukane kidogo nisikie."

Lakini daktari hakuweza. Alikuwa ameketi sakafuni naye, amevua miwani, na mabega yake yalikuwa yakicheza. "Sijalala jana," alisema hatimaye. "Nimepasua wengi, sijawahi kupasua mtoto wa mtani. Nikasema, Mihayo, ukimharibu huyu, utakwenda kuzika kwa watu gani na utatukanwa na nani?"

Mzee Mwinshehe alijifuta uso kwa mkono wa koti. Aliinuka, akanyoosha kanzu yake, akamtazama mtu aliyekaa chini.

"Mnyamwezi," alisema, kwa sauti iliyokuwa bado imekwaruzwa na machozi, "inuka hapo. Ukikaa sakafuni hospitali yetu itapata viroboto."

Daktari alicheka mpaka Sista Agnes akaja kuwafukuza wote, na kuku pamoja nao.

*

Azimio la ukoo lilikuwa limevunjwa, na azimio likivunjwa lazima mtu ajibu. Baada ya miezi mitatu Kondo aliitwa Kinole. Kikao kilianza saa nne, na safari hii, kwa kuwa mashtaka yalikuwa wazi, kufikia saa sita tayari kulikuwa na hukumu. Katibu Salehe alisoma. Ndugu Kondo, mkwe, amepatikana na kosa la kuweka sahihi juu ya mtoto wa ukoo bila idhini, na hivyo kujifanya baba. Faini ni mbuzi mmoja.

Mzee Mwinshehe alimwuliza mshtakiwa kama ana la kusema. Aliuliza akitazama pembeni, maana alikuwa anazuia kitu kinywani, na haikuwa hasira.

Kondo alisimama pale mlangoni. Nje, Furaha alikuwa anamkimbiza mbuzi wa jirani kuzunguka mgomba, raundi ya tatu, ya nne, na aliyekuwa akihema ni mbuzi.

"Wazee wangu, sina ubishi," alisema Kondo. "Ninachoomba tu, kama hakuna kipingamizi, niruhusiwe kulipa wawili."